Mzazi ndiye anayelipa chuo kikuu, basi aonyeshwe hesabu

Leo nataka kusema juu ya karatasi mbili.

Ya kwanza nilionyeshwa na mama mmoja wa Masisi, muuza makala. Anaitunza ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi yake ya uchaguzi. Ni bordero ya benki. Inashuhudia ya kwamba kijana wake alilipa sehemu ya minervali ya mwaka wa kwanza mbele ya vita kuwafukuza. Karatasi ya pili hana. Ni karatasi ya alama, ile vijana wanaita relevé. Kijana alifanya mitihani, lakini chuo alichosomea kinakataa kumpa alama zake mpaka amalize minervali iliyobaki. Mji aliokimbilia una chuo kingine, nacho kimemwambia ya kwamba bila relevé hawezi kuandikwa mwaka wa pili. Basi kijana anabeba mifuko ya saruji, mama anauza makala, na alama zimefungiwa ndani ya kabati la ofisi. Sitataja chuo. Nikitaja kimoja, vingine vitacheka, na si kimoja tu kinachofanya hivyo.

Wengine watasema: hiyo ni shida ya familia moja, vita imeharibu mambo mengi kuliko hayo. Mimi ninasema hapana. Vita ilimfukuza kijana kijijini kwao, ni kweli. Lakini haikuwa vita iliyofunga lile kabati. Limefungwa na namna tunavyolipa na tunavyoongoza vyuo vikuu vya inchi hii, na namna hiyo ilikuwapo zamani mbele ya risasi kufika Sake.

Tuulize kwanza: ni nani anayelipa chuo kikuu cha serikali? Jina lake linasema ni cha serikali. Serikali inalipa mishahara ya wale wenye kutambuliwa ndani ya orodha yake, na kila mtu anajua kuna maasistenti waliofundisha miaka mingi wakingojea majina yao yaingie. Lakini chaki, jenereta, karatasi za mitihani, rangi ya ukuta, mafuta ya gari ya rekta, ile primu inayomfanya profesa asiende kutafuta riziki pengine, vinatoka wapi? Vinatoka kwa sambaza na unga wa muhogo. Vinatoka kwa likelemba la akina mama. Vinatoka kwa shamba lililouzwa ili mtoto mmoja kati ya saba apate kuvaa toga.

Haikuwa hivi siku zote. Wazee wetu waliosoma zamani wanakumbuka bursa, chumba, na chakula cha chuo. Kisha uchumi ukaanguka, na bursa nayo ikaanguka. Mwaka 1991 na tena 1993 miji ikaporwa, na serikali ikashindwa kulipa walimu. Ndipo wazazi wakaombwa kusaidia, kwa muda, ili watoto wasikae nyumbani. Kwa muda! Zaidi ya miaka 30 imepita. Ule msaada umekuwa sheria, na asiyeweza kusaidia anatolewa ndani ya chumba cha mitihani.

Mimi siwalaumu maprofesa kwa kupokea primu. Mtu aliyesoma miaka 20 ana haki ya kula. Ninachokataa ni hiki: mwenye kulipa hana nafasi yoyote pale wanapopanga.

Na hapo turudi nyuma kidogo. Ndani ya miaka ya 1960 wanafunzi wa Lovanium, kule Kinshasa, walikuwa wakidai mambo mawili: bursa inayotosha kuishi, na nafasi ndani ya usimamizi wa chuo chao. Tarehe 4 Juni 1969 waliandamana mjini, askari wakawapiga risasi. Mwaka 1971, walipotaka kukumbuka wenzao waliokufa, Mobutu alifunga chuo na kuwaingiza wanafunzi jeshini. Mwaka huohuo akachukua vyuo vikuu vitatu, Lovanium ya wakatoliki, chuo cha serikali cha Lubumbashi na chuo cha waprotestanti cha Kisangani, akavifanya kimoja, UNAZA, chenye rekta mmoja Kinshasa. Mwaka 1981 wakavitenganisha tena. Majina yakarudi kuwa matatu, lakini kamba haikukatwa. Mpaka leo baraza linalosimamia vyuo vikuu vya serikali ni moja, na linakaa Kinshasa. Vyuo vya ualimu vina la kwao, vyuo vya ufundi vina la kwao, yote pia Kinshasa.

Fikiria jambo hilo polepole. Chuo kikuu cha Goma, cha Bukavu, cha Kisangani, cha Mbandaka, vyote vinaangaliwa na baraza moja, ndani ya mji ambao mtu wa Kivu hafiki bila ndege. Rekta anateuliwa kule, na anaweza kuondolewa kule. Sasa siku ya hesabu rekta huyo atamjibu nani? Atamjibu aliyemteua. Mama muuza makala si mmoja wa watu anaowaogopa, na kusema kweli hata mimi ningekuwa rekta nisingemwogopa. Ubaya hauko ndani ya moyo wa mtu mmoja. Uko ndani ya kiti alichokalishwa.

Ndiyo sababu malipo yanazaa malipo mengine. Unamaliza minervali, unaulizwa enrôlement ili ufanye mitihani. Unamaliza enrôlement, kuna silabusi, na heri ununue kwa mwalimu mwenyewe. Kisha stage, kisha kazi ya mwisho, kisha siku ya kuitetea. Kila moja ina risiti yake, na nyingine haina risiti. Je, ngapi inabaki chuoni, na ngapi inapanda juu? Ngapi ni primu, ngapi ni vitabu? Muulize mwanafunzi yeyote wa mwaka wa tatu kama amewahi kuona hesabu hiyo imebandikwa ukutani. Orodha ya wenye madeni ameiona imebandikwa, mara nyingi, na jina lake likiwemo.

Tangu Goma iingie mikononi mwa AFC/M23 mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi wa Februari, giza limeongezeka. Benki za Goma zilifunga milango. Bordero, ambayo angalau ilikuwa na muhuri, ikamponyoka mzazi. Feza sasa zinapita kwa simu au mkono kwa mkono. Pale ambapo hata wakati wa amani hakuna aliyeonyesha hesabu, mnadhani wakati huu itakuwaje? Wazazi, msilipe bila risiti. Hilo ninalisema kwa kila upande wa mstari wa vita, sababu njaa ya familia haina upande.

Kuna wanaosema dawa ni moja: chuo kikuu kiwe bure. Ningependa. Lakini tuliona mambo ya shule ya msingi. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilisema elimu ya msingi ni bure ndani ya shule za serikali. Ilianza kutekelezwa mwezi wa Septemba 2019, na ni jambo jema, watoto wengi walirudi darasani. Ila waliingia madarasa yaliyokuwa tayari yamejaa, na walimu wengi waliokuwa wakiishi kwa feza za wazazi wakabaki bila kitu. Neno bure bila bajeti linamhamishia mwalimu deni. Halafu kumbukeni Januari 2020 kule UNIKIN: minervali ilipanda, wanafunzi wakaandamana, watu wakafa, chuo kikafungwa, na wanafunzi wakafukuzwa ndani ya homes. Sitaki tena ahadi kubwa ya Kinshasa inayoishia kwa mtoto wa mtu kubeba godoro kichwani.

Ninataka vitu vidogo vyenye kushikika. Kila mwaka wizara ya elimu ya juu inatoa maagizo ya mwaka wa masomo, yenye tarehe na malipo. Ndani ya maagizo hayo waandike sentensi moja: deni la minervali lisizuie alama za mwanafunzi aliyekimbia vita. Deni libaki deni, liandikwe, lidaiwe siku hali ikitulia. Lakini alama ni kazi ya kijana mwenyewe, alizipata kwa kukesha na tochi ya simu, hazikuwa mali ya kuwekwa rehani. Sentensi hiyo haiombi hata franka moja ya hazina.

Na wasituambie sistemu haikubali. Ni wao waliotuletea LMD, wakailazimisha tangu mwaka wa masomo 2021-2022, na wakatufundisha ya kwamba uzuri wake ni zile krediti: mwanafunzi akifaulu somo, anabeba krediti zake na kwenda nazo chuo kingine. Basi abebe! Kama krediti hazivuki kutoka Goma mpaka Butembo, au kutoka Bukavu mpaka Kisangani, LMD ni jina jipya tulilopaka juu ya graduat ya zamani.

Cha pili ni hesabu. Kila mwisho wa semesta, komite ya usimamizi ibandike ukutani, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili: tulipokea feza hizi, tulizitumia hivi, na hizi zilipanda kwenda pale. Ubandikwe ukuta uleule wa orodha ya madeni, pembeni yake. Na ndani ya baraza, lililo mbali kule, waingie watu wa majimbo, tena wachaguliwe na wazazi na wanafunzi. Wasiwe wale wa kuteuliwa kwa jina letu. Heri zaidi kila chuo kiwe na baraza lake, hapa hapa, ambalo linaweza kumwita rekta na kumuuliza jenereta ilienda wapi.

Vyuo vya makanisa na vya watu binafsi, nanyi msijifiche nyuma ya serikali. Katika Kivu kuna vilivyozaliwa ndani ya miaka ya 1980, vikatusomesha wakati vile vya serikali vilikuwa vimelala, na heshima hiyo hatuwanyimi. Lakini minervali yenu mara nyingi ndiyo ya juu zaidi, na relevé za wakimbizi ziko ndani ya makabati yenu pia.

Bursa nayo irudi, hata kama ni ndogo, na ianzie kwa waliofukuzwa kambini. Wale waliotoka Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya mwezi wa Februari 2025, wakaambiwa warudi vijijini, kati yao kulikuwa na wenye diplome ya serikali wanaotaka kusoma. Ipewe mwanafunzi, isipewe chuo, ili akikimbia tena aende nayo.

Ninajua kuna wasimamizi wa vyuo wanaotusikiliza, sababu hunipigia simu nikikosea hata tarehe. Safari hii mwenye kutaka kujibu nitampa nafasi ileile na muda uleule. Aje na hesabu ya semesta iliyoisha. Na kama analo lile kabati ofisini mwake, aje na ufunguo.