Msimpime Ngassa kwa rula ya Samatta

Wadau, nimekuwa kimya kwa wiki mbili. Kazi za chumba cha habari zimenibana, na usiku ninaopata nafasi ya kuandika yangu huwa macho hayafunguki. Leo nimejilazimisha, maana kuna jambo linaniwasha na nisipolitoa litanikosesha usingizi bure.

Kuna mtindo umeingia kwenye vijiwe vya soka hapa mjini. Ukitaja jina la mchezaji aliyetamba kati ya 2006 na 2012, swali la kwanza unaloulizwa ni moja tu: alicheza wapi nje? Ukijibu kwamba alikwenda majaribio tu, au alikwenda akarudi, basi kesi imefungwa. Huyo alikuwa wa kawaida, nyinyi mlidanganywa na redio. Kijana mmoja ninayefanya naye kazi, ambaye nimemzidi miaka mitano tu, aliniuliza juzi bila hata kutabasamu: "Ngassa si yule aliyeshindwa London?"

Natangulia kusema mimi ni Simba, tena wa kurithishwa. Sina sababu yoyote ya kiukoo ya kumtetea Mrisho Ngassa. Oktoba 20, 2013, nikiwa kidato cha pili, alitufungia bao la kwanza la Yanga katika ile mechi waliyotuongoza 3-0 hadi mapumziko, na kwa dakika zile arobaini na tano nilimwombea mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa (kipindi cha pili tulirudisha yote matatu, nikamsamehe). Lakini haki ni haki.

Nimekulia Kihonda, Morogoro. Mashujaa wetu hatukuwaona sana, tuliwasikia. Mjomba alikuwa na duka la bidhaa ndogondogo, na redio yake ilikaa juu ya friji la soda. Siku za mechi tulikuwa tunajazana pale mpaka wateja wa kweli wanakosa pa kupita. Picha za wachezaji tulizikata kwenye Mwanaspoti na Dimba, tunazibandika kwenye daftari kwa uji wa ngano. Daftari langu lilikuwa na Juma Kaseja ukurasa wa kwanza, mikono imenyooka, mpira haumo kwenye picha. Sikuwa nimeanza hata shule mwaka 2003 aliposimama golini Cairo na Simba ikawang'oa Zamalek, mabingwa wa Afrika, kwa penalti. Mjomba alinisimulia mechi ile mara nyingi kiasi kwamba kuna siku nilimsimulia mtu kana kwamba nilikuwapo.

Ukurasa wa pili alikuwa Ngassa, Uyanga wake nikaufumbia macho, kwa sababu picha yenyewe alikuwa amevaa jezi ya Taifa Stars. Na Taifa Stars ya Marcio Maximo ndiyo timu ya utoto wangu, ingawa mjomba hakumsamehe yule Mbrazili kwa kumweka Kaseja nje kwa muda mrefu.

Februari 2009 nilikuwa darasa la tano. Ndiyo kwanza CAF wanaanzisha CHAN, mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani kwao, na sisi tulikuwamo Ivory Coast baada ya kuwatoa Sudan. Mechi ya kwanza Senegal wakatufunga 1-0. Ya pili tulicheza na wenyeji wenyewe, mjini kwao Abidjan, tukawafunga 1-0. Mfungaji, Mrisho Ngassa. Kule dukani hakuna aliyesikia mtangazaji alisema nini baada ya neno "goli", kwa sababu redio iliangushwa na mtu aliyerukia friji. Mechi ya tatu tulikuwa tunaongoza dhidi ya Zambia, na kama tungeshikilia tungemaliza na pointi 6 tukaongoza kundi. Zambia wakasawazisha mwisho kabisa mwa mchezo, 1-1, tukarudi nyumbani. Nimeshaona watu wazima wakilia misibani, lakini siku ile ndiyo mara ya kwanza kumwona mwanamume akilia kwa sababu ya redio.

Haya, sasa tuje London.

Aprili ya mwaka huohuo Ngassa alikwenda kufanya majaribio West Ham, wakati huo kocha akiwa Gianfranco Zola. Sisi watoto tulikuwa tumeshapanga kila kitu. Tuligombana hata atavaa namba ngapi. Alipokaa siku zake akarudi bila mkataba, vijiwe vikaanza: mwembamba, mwoga wa baridi, Kiingereza hana, na kadhalika na kadhalika. Nilikua nikiamini hivyo. Mpaka nilipoingia kwenye kazi hii na kuanza kusoma kanuni za vibali vya kazi vya Uingereza za wakati ule, ndipo nikaona tulikuwa tunabishana kuhusu mlango uliokwishapigwa komeo.

Kanuni ilikuwa hivi. Mchezaji wa nje ya Ulaya alipata kibali kama nchi yake ilikuwa, kwa wastani wa miaka miwili, ndani ya timu 70 bora za FIFA, na yeye mwenyewe awe amecheza angalau asilimia 75 ya mechi za mashindano za timu ya taifa katika muda huo. Ngassa alicheza karibu kila mechi ya Stars, hapo hana deni. Lakini Tanzania ndani ya 70 bora? Mwaka 2009? Hatukuwa hata jirani. Kulikuwa na nafasi ya klabu kukata rufaa na kumwombea mchezaji kama kipaji cha pekee, lakini klabu gani ya London ingejitwisha mzigo huo kwa kijana iliyemwona mazoezini siku chache? Hata Zola angempenda kama mwanawe, bado kulikuwa na karatasi. Hilo hatukuambiwa redioni, na sisi waandishi (nawasema na kaka zangu walionitangulia, mtanisamehe) hatukuliandika kwa namna ambayo mtoto wa Kihonda angeelewa.

Mwaka 2011 akaenda Seattle Sounders, Marekani. Julai 20 Manchester United walikuwa kule kwa mechi ya kirafiki, na Ngassa akaingizwa kutoka benchi. Kwetu ilikuwa alfajiri ya tarehe 21. United walishinda 7-0, na mpaka leo kuna watu wanaitumia hiyo 7-0 kama ushahidi dhidi yake, utadhani yeye ndiye alikuwa beki. Ninachokumbuka mimi ni mtoto wa Mwanza amesimama uwanja mmoja na Wayne Rooney, na watu mtaani kwetu wakipiga mswaki huku wanabishana.

Sasa Mbwana Samatta. Simdharau hata kidogo, na anayedhani makala hii ni ya kumshusha Samatta aache kusoma hapa. Bao la kichwa pale Anfield Novemba 2019 akiwa na Genk, ubingwa wa Ubelgiji mwaka huo, bao dhidi ya Manchester City katika fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley Machi 1, 2020 akiwa na Aston Villa. Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga Ligi Kuu ya England. Nani atabisha?

Lakini tazameni njia aliyopita. Mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Tulitolewa, ila Mazembe waliona walichokiona, wakamnunua. Hii ilikuwa Mazembe iliyotoka kucheza fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia na Inter Milan Desemba 2010, Mazembe ya fedha za Moïse Katumbi. Samatta alikaa kule zaidi ya miaka minne. Alicheza mechi kubwa za Afrika mwaka baada ya mwaka, akafunga katika fainali ya 2015 dhidi ya USM Alger, na Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Ndipo akaenda Genk. Miaka minne mingine ndipo Villa. Na hata hapo Villa walitangaza usajili wake kwa sharti la kupatikana kibali cha kazi.

Jambo moja ambalo sijaona likisemwa sana: Lubumbashi wanazungumza Kiswahili. Chao kina ladha yake, lakini ni Kiswahili. Kijana wa Mbagala mwenye miaka kumi na minane alitoka nyumbani akaenda ugenini ambako anaweza kuagiza chakula, kutaniana na wenzake na kumwelewa kondakta wa basi. Hiyo ni ngazi, na ilikuwa na vipago vinavyofikika kwa mguu wa mtu. Thomas Ulimwengu naye alipanda hapohapo. Ngassa alitakiwa kuruka kutoka Jangwani hadi London ya Mashariki kwa hatua moja, ndani ya siku chache, katika baridi ya Aprili. Halafu tunachukua rula iliyopima ngazi, tunampima nayo aliyetakiwa kuruka.

Na pengine tuliwakosea tangu mwanzo, hata kabla ya majaribio yoyote. Angalieni majina tuliyowapa. Haruna Moshi tukamwita Boban. Nadir Haroub, Cannavaro. Kelvin Yondani, Vidic. Ally Mustapha, Barthez. Yalikuwa majina ya mapenzi, nayapenda hadi leo, ila ni kama kumvalisha mtoto koti la baba yake halafu umcheke mikono inavyoning'inia.

Boban mwenyewe ndiye kesi ngumu, sitaikwepa. Kwa macho yangu alikuwa na kipaji kuliko wote niliowahi kuwaona wakigusa mpira nchi hii. Mwaka 2010 alipata mkataba wa kweli, si majaribio, Gefle ya Sweden, ligi kuu. Hakumaliza hata miaka miwili, akarudi Simba. Hapa hakuna kanuni ya kibali ya kumtetea. Mjomba, aliyemwabudu, alitupa kandambili ukutani siku aliposikia. Wapo wachezaji wa kizazi kile waliopenda raha ya kujulikana Kariakoo kuliko upweke wa kuanza upya, na nidhamu yao ilikuwa ya kubembelezwa. Nakubali. Nizar Khalfan alivumilia Vancouver, Henry Joseph alivumilia Norway, kwa hiyo ilikuwa inawezekana.

Ila nina binamu, mtoto wa huyuhuyu mjomba. Alikwenda bondeni kutafuta maisha, akarudi baada ya miezi minane na begi moja. Ndugu walimcheka mwaka mzima. Hakuna aliyemuuliza alilala wapi kule, alikula nini, aliogopa nini. Alikuwa anakuja kwenye shughuli za familia anakaa karibu na mlango. Sasa hivi ana karakana ya kuchomelea, ameajiri vijana watatu, na bado kuna shangazi yetu anayemwita "mtu wa Sauz" kwa kejeli. Kila nikimsikia mtu anasema "alirudi" kwa sauti ile ya vijiweni, namwona binamu yangu pale karibu na mlango. Darasa letu la chuo kikuu limejaa watu wanaoogopa kujaribu kwenda popote kwa sababu wanaijua sauti hiyo.

Siku hizi kubaki nyumbani si aibu tena. Yanga imecheza fainali ya Kombe la Shirikisho 2023, Simba ikaicheza 2025. Agosti 2025 Taifa Stars ilivuka makundi ya CHAN kwa mara ya kwanza, hapahapa kwenye uwanja wetu, ikatolewa robo fainali na Morocco kwa 1-0. Wachezaji wazuri wanatoka nchi nyingine kuja kulipwa hapa. Feisal Salum akicheza Dar es Salaam hakuna anayesema ameshindwa. Ngassa angekuwa na umri wa miaka ishirini leo, sidhani kama angekuwa na haraka ya kupanda ndege ya majaribio. Kizazi chake kilikaa katikati, ligi yetu ikiwa bado ndogo na Ulaya ikiwa mbali, na kikatufungia mabao humohumo.

Mwaka huu nimejipangia mahojiano na wachezaji wa ile timu ya Abidjan, mmoja mmoja, watakaokubali. Namba ya simu ya kwanza nimeshaipata, nitapiga Jumatatu. Maswali yako kwenye daftari, na sijaandika hata moja kuhusu kwa nini ulirudi. La kwanza nataka kujua ni ile dakika ya mwisho na Zambia. Nani alikuwa anamkaba yule mfungaji?