JIKONI KWETU: Keki ya matufaha juu ya mbabula

Mwezi uliopita tuliahidi kuandika habari za kukausha mboga. Mboga zitungoje kidogo, maana kuna mama mwenzetu alitujia na shida ya keki, na shida yenyewe ilikuwa na tarehe ya kulipa.

Mama huyu wengi mnamjua kwa sura. Jina tumekubaliana tusiliandike. Alikaa Kauma kule Lilongwe miaka mingi, kwenye chumba cha kupanga chenye umeme, akiwa na oveni ndogo ya mezani. Asubuhi alikuwa anauza vipande vya keki kwa watu wanaokwenda kazini. Mwaka 2023, wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini waliporudishwa hapa Dzaleka, alikuja na binti yake, magodoro mawili na vyombo alivyoweza kubeba. Oveni aliiuza palepale kwa bei ya kutupa. Akakaa muda mrefu bila kugusa unga. Mwaka huu akapata nguvu, akakopa katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa, akanunua ngano, sukari, mafuta na makaa. Binti anaingia sekondari na ada inatakiwa. Deni la kikundi lilikuwa linalipwa mwisho wa mwezi.

Kilichomshinda kwanza ni mayai. Tangu kwacha iliposhushwa thamani kwa asilimia 44 mwezi wa Novemba 2023, bei za dukani si mnazijua wenyewe. Keki aliyokuwa akioka Kauma ilitaka mayai manne. Akihesabu mayai manne, faida yote inaishia kwenye trei.

Hapo ndipo yakaingia matufaha. Jirani mmoja anayekwenda mjini kwa kibali humletea yale yaliyobonyea, ambayo jioni wauzaji wa barabarani hawataki kurudi nayo nyumbani. Matufaha hayo mengi yanatoka Afrika Kusini, yamesafiri kuliko baadhi yetu. (Tukisema matufaha, wenzetu wa Kongo wanajua ni pome, na waliopitia Tanzania wanasema epo. Ukienda Zanzibar ukaomba tufaa, unaweza kupewa tunda jingine kabisa, lenye majimaji, linaloota hukohuko.) Tufaha lililobonyea halina ubaya. Unakata sehemu nyeusi unatupa, nyingine unachemsha na kuponda mpaka liwe kama uji mzito. Uji huo ndio unaoshika unga badala ya yai, na unaleta unyevu na utamu, hivyo hata sukari na mafuta vinapungua.

Jambo hili si la kubuni kwetu. Marekani ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1917, serikali yao iliunda idara ya chakula chini ya Herbert Hoover, yule aliyekuja kuwa rais mwaka 1929. Idara hiyo iliomba kila nyumba ipunguze ngano, sukari na mafuta ili askari na watu wa Ulaya wapate kula. Keki ya matufaha ilipendwa sana miaka ile kwa sababu hiyohiyo ya kubana matumizi. Kumbe ni keki ya wakati wa vita. Tulipomwambia mama huyu alicheka, akasema basi imefika kwa wenyewe.

Lakini kujua ni kitu kimoja na moto ni kitu kingine. Keki ya kwanza aliipika kama anavyopika maharagwe, makaa yote chini. Chini ikawa mkaa, katikati ikawa uji. Uji wa matufaha nao ulikuwa mwepesi mno, maji hayakukauka. Ile ya pili alikoroga kila kitu vizuri, halafu ndipo akaanza kuwasha mbabula. Makaa yalikuwa mabichi, yakachukua karibu saa nzima kukolea. Keki ikatoka bapa, ngumu, kama tofali la kuanzia nyumba. Binti yake alisema, "Mama, turudishe tu hela ya watu." Mama hakujibu. Hela yenyewe ilikuwa imeshaliwa nusu.

Ya pili tuieleze vizuri, kwa sababu hata sisi tuliwahi kukosea hapo. Magadi soda yakikutana na uchungu wa matufaha yanatoa hewa papo hapo. Hewa hiyo ndiyo inayoinua keki. Ukiacha unga uliokorogwa ukae unangoja moto, hewa inatoka yote, inabaki chapati nene. Kwa hiyo moto kwanza, kukoroga baadaye.

Moto wenyewe alifundishwa na agogo mmoja Mmalawi, jirani yetu hapa Dowa. Agogo hajawahi kuwa na oveni maisha yake yote, ila anaoka chikondamoyo, ule mkate wa unga wa mahindi na ndizi mbivu. Anatumia sufuria nzito, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Wenzetu wa pwani wanaita kupalia, na ndivyo wanavyopika mkate wa kumimina. Agogo alimwambia jambo moja tu: chini makaa ya kiganja kimoja, juu ya viganja vitatu, na usifunue funue. Waliongea Kichewa nusu na Kiswahili nusu, ila kwenye neno mbabula hawakuhitaji mkalimani. Warundi na Wanyarwanda wanasema imbabura, Wamalawi mbaula, sote tunaelewana.

Sasa vipimo, kama alivyovifikisha baada ya kuharibu mara mbili. Chukua matufaha matano au sita ya wastani, yakate bila kumenya, yachemshe kwa maji nusu kikombe dakika 20 hivi, yaponde kwa mwiko. Rudisha motoni ukikoroga, mpaka ukipitisha mwiko chini ya sufuria njia inabaki wazi kidogo kabla ya kufunga. Acha yapoe kabisa. Unataka kikombe kimoja na nusu cha uji huo. Ukizidi, usilazimishe, wape watoto wale.

Koleza makaa. Paka mafuta sufuria ndogo, tandika karatasi chini. Iweke ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga mkavu kiasi cha vidole viwili, hapo chini haitaungua. Funika uanze kupasha moto sufuria kubwa peke yake, ile ndogo ingoje pembeni. Chekecha pamoja ngano vikombe viwili, magadi soda kijiko cha chai kimoja na nusu, chumvi nusu kijiko, mdalasini kijiko kimoja na karafuu ya kusaga kidogo sana. Kwenye bakuli jingine changanya uji wa matufaha, sukari robo tatu ya kikombe na mafuta ya kula theluthi moja ya kikombe. Mimina kavu kwenye mbichi, koroga mpaka unga usionekane, basi, acha. Ukikoroga sana inakuwa ngumu. Mimina kwenye sufuria ndogo, iweke ndani ya ile kubwa mara moja, funika, palia.

Dakika 40 za kwanza usifunue. Baada ya hapo choma kijiti katikati. Kikitoka kikavu imeiva, kikitoka na unga ongeza dakika kumi. Kuokoa makaa, anza baada ya kupika chakula cha jioni, moto ukiwa umetulia. Na tafadhali, pikieni nje au barazani. Makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyoonekana wala kunusika, na hiyo inaua watu usingizini. Msiingize mbabula ndani eti kwa sababu bado ina joto.

Keki ya tatu ilishuka kidogo katikati. Tulikuwepo, tuliiona. Mama aliitazama kama mtu anayesoma barua. Agogo akakata pembeni, akala, akakata tena. Walitoa vipande 16, na binti, ambaye mwanzo aliona haya kubeba beseni, ndiye aliyezipeleka sokoni asubuhi. Alirudi na beseni tupu na hesabu iliyopungua kipande kimoja. Alikila mwenyewe njiani, akakiri.

Mwisho wa mwezi mama alilipa nusu ya deni. Kikundi kilikaa, kukawa na maneno, wengine walitaka lote maana ndivyo sheria yetu ilivyo. Mwishowe tulimwongezea mwezi mmoja, faini ndogo juu. Ada ya muhula wa kwanza bado haijatimia. Anaoka mara tatu kwa wiki.

Matufaha yakiadimika, binti ameshauliza kuhusu maembe, maana kuanzia Novemba yanaletwa kwa wingi kutoka Salima. Inawezekana. Embe bivu lipondwe na lichujwe nyuzi, lipikwe likaushwe vilevile, sukari ipunguzwe mpaka nusu kikombe, na kamulia ndimu nusu, kwa sababu embe likiiva sana halina uchungu wa kuamsha magadi. Akilijaribu tutaonja sisi kwanza.