"Katafuteni mtandaoni": kazi ya shule inapolipiwa na bando la mzazi

Mwanafunzi anarudi nyumbani na kazi moja: atafute mtandaoni historia ya Kariakoo. Jioni simu ya mama inaombwa, bando linaisha, na asubuhi mtoto ana kurasa mbili alizonakili bila kuzielewa. Dar es Salaam, asiye na simu anaweza kwenda stesheneri akalipa, akaprintiwa jibu la mtu mwingine. Kijijini stesheneri iko mbali, hivyo anafika darasani mikono mitupu.

Msikilizaji, kazi za aina hii zina sababu. Tangu 2005 mitaala yetu inataka mwanafunzi ajenge umahiri badala ya kukariri, na mitaala iliyoboreshwa, iliyoanza kutumika Januari 2024, inafuata njia hiyohiyo. Mtoto anatakiwa kuchunguza mwenyewe. Lakini kumwambia "katafute" hakutoshi.

Mwalimu ndiye anayeanza

Mwaka 1995 Bernie Dodge, wa chuo kikuu cha San Diego State nchini Marekani, alibuni utaratibu unaoitwa WebQuest. Mwalimu hutafuta kurasa yeye kwanza, huzisoma na kuchagua chache zinazofaa. Wanafunzi hupewa swali la kufikiria, hugawana majukumu kwenye vikundi, na huambiwa mapema watapimwa kwa vigezo gani.

Tuchukue hiyo Kariakoo. Ukiuliza jina lilitoka wapi, jibu ni mstari mmoja: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Linanakiliwa, limekwisha. Lakini uliza kwa nini Nairobi nako kuna soko linaloitwa Kariokor. Hapo mtoto atalazimika kulinganisha miji miwili na kuona vita hiyo iliwagusaje watu wa pande zote mbili.

Au chukua jengo la soko, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975. Liliungua Julai 10, 2021. Kikundi kimoja kisome habari za moto, cha pili kichunguze ramani na picha za jengo, cha tatu kiwahoji wafanyabiashara. Kisha darasa lijadili: soko kubwa lipangweje ili moto ukizuka watu na mali viokolewe? Jibu la kunakili halipo.

Kijijini inawezekana?

Inawezekana, na simu moja ya mwalimu inatosha. Anasoma, anaprinti kurasa mbili au tatu, kila kikundi kinapata yake. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya kusoma bure, ingawa bando bado linahitajika kuifikia.

Sehemu nyingine ya uchunguzi haihitaji mtandao kabisa. Kitenge kinachouzwa mnadani kwenu kimepita mikono mingapi tangu Kariakoo, na kila mkono umeongeza shilingi ngapi? Muuza vitenge, dereva wa basi na fundi cherehani wana majibu.

Suala la haki

Shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuja na simu. Kwa hiyo "katafute mtandaoni" maana yake ni "tumia simu ya nyumbani". Gharama inahamia kwa mzazi bila kikao chochote kuijadili, na mtoto anapewa alama kwa kipato cha nyumba yao. Mwenye bando anaonekana hodari, asiye nalo anaonekana mvivu.

Walimu nao hawana raha. Wengi wana madarasa yaliyofurika, na kuandaa swali zuri kunachukua muda kuliko kuandika kichwa cha habari ubaoni. Ndiyo maana ni vizuri walimu wa somo moja, hata wa shule jirani, waandae kazi kwa pamoja na kubadilishana.

Kikao cha wazazi kijacho, uliza mambo matatu. Kurasa za kusoma zimechaguliwa na nani? Asiye na simu anafanyaje? Na mtoto anapimwa kwa kupata maelezo, au kwa alichofikiri baada ya kuyapata?