Zimamoto Goma: sheria imtaje mwenye kujibu

Mjini Goma, nyumba nyingi ni za mbao na zimebanana. Moto ukiwaka, wa kwanza kufika ni majirani na ndoo na bidoni zao. Moyo wao ni wa kushukuru, lakini hauwezi kuwa ndiyo huduma ya mji.

Tanzania ilipitisha sheria ya zimamoto na uokoaji mwaka 2007. Mwananchi hupiga namba 114. Nchini Kenya, katiba ya 2010 ilizipa kaunti kazi hiyo. Njia ni mbili, lakini kila moja inamtaja wa kuulizwa.

Wakaaji wa Goma nao wanahitaji sheria iliyo wazi: nani ananunua magari, nani analipa wazima moto, nani anafungua njia kati ya nyumba. Mbao hazingojei mikutano.