Kemo Si Saluni

"Wee mtoto, kemo imekupenda!"

Shangazi yangu alisema hivyo mbele ya watu, kwenye ruracio ya binamu yangu kule Kiambu, vidole vyake vikiwa tayari vimeingia kwenye nywele zangu. Hakuuliza. Alizivuta, akaziachilia zijikunje tena, halafu akawaita wenzake waje waone. "Hebu shikeni. Si ni kama za Msomali?" Wakaja. Mmoja akasema nimebarikiwa. Mwingine akauliza, kwa utani, hiyo dawa inauzwa wapi. Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, maana ukiwa umebeba trei ya soda na wazee wako wanacheka, unacheka.

Hicho kicheko nimekimeza karibu miaka miwili sasa. Leo nakitapika.

Kemo si saluni. Sikwenda pale kutafuta staili. Nilikuwa na miaka 22, mwaka wa tatu chuoni, na uvimbe shingoni ambao nilidhani ni wa homa ya kawaida. Kumbe ilikuwa limfoma ya Hodgkin, saratani ambayo huwapata sana vijana wa umri wangu. Nikatundikiwa dripu mara 12, moja kila baada ya wiki mbili, kwa miezi sita. Moja ya zile dawa ni nyekundu kama sharubati. Ukienda msalani baadaye, mkojo unatoka mwekundu, na hata kama nesi alikuonya, bado unashtuka. Karo ya muhula ikaenda hospitali, ya muhula uliofuata ikafuata njia hiyo hiyo, na chuo sikurudi. Kwa hivyo mtu akiniambia nywele zangu ni zawadi, namuuliza: zawadi gani hii ambayo nimeilipia kwa digrii?

Wiki ya tatu nywele zilianza kutoka. Hazikutoka moja moja kama kwenye sinema. Niliinama kwenye karai nikaoga, na nilipoinuka, maji yalikuwa meusi kwa nywele. Kesho yake nikaenda kwa kinyozi wa mtaa wetu nimalizie. Aliwasha mashine, akaniangalia kwenye kioo, akauliza kwa sauti ya chini, "Pole siste, nani ameaga?" Kwao mwanamke akinyoa hivyo ghafla, kuna maiti nyumbani. Sikumjibu. Lakini kati ya yote niliyoambiwa mwaka huo kuhusu kichwa changu, hilo swali ndilo lililokaribia ukweli zaidi. Alijua ukiona nywele zimeenda, kuna kitu kingine kimeenda nazo.

Sasa tuelezane jinsi mambo haya hufanya kazi, maana hospitalini hakuna aliyenieleza, na nadhani wewe pia hujaelezwa.

Dawa za kemo huwinda seli zinazojigawa kwa kasi. Seli za saratani hujigawa kwa kasi. Bahati mbaya, zile za kwenye vinyweleo, vile vifuko vya chini ya ngozi ambamo nywele huota, nazo ni hivyo hivyo. Wakati wowote ule, zaidi ya nywele nane kati ya kumi za kichwani mwako ziko katika kukua, na ndiyo maana dawa ikipita zinaanguka kwa wingi. Dawa ikiisha mwilini, vinyweleo huamka. Mwezi mmoja hadi mitatu baadaye unaona vijinywele kama vya mtoto mchanga. Lakini kinyweleo kilichotikiswa hakikumbuki kazi yake mara moja. Umbo lake ndilo huamua kama nywele itanyooka au itajikunja, na seli zinazotia rangi nazo zinaweza kuchelewa kurudi kazini. Kwa hivyo aliyekuwa na kipilipili anapata mawimbi, aliyekuwa na singa anapata mizunguko, na mwenye miaka 23 anapata mvi. Mimi nilipata mawimbi na mvi kwa pamoja. Na kwa watu wengi hali hiyo ni ya muda tu. Kinyweleo kikishapona, nywele za zamani hurudi.

Shika hiyo sentensi ya mwisho. Tutairudia.

Kwa hivyo kile ambacho shangazi alikuwa akikisifu, kile alichokiita baraka, ni kinyweleo ambacho bado kilikuwa kigonjwa. Ni sawa na kumwambia mtu anayetoka malaria kwamba amepungua vizuri. Na hilo pia huwa mnasema, najua.

Lakini kwa nini aone ni baraka? Angalia ni badiliko lipi lilisifiwa. Mvi hazikusifiwa na mtu. Hakuna aliyeziita watu waje wazishike. Kilichosifiwa ni ulaini. Nywele zangu za kwanza, za kuzaliwa, zile ambazo nilikuja nazo duniani nikiwa mzima, hakuna mtu aliwahi kunisimamisha kwenye ruracio akaziita nzuri. Ziliitwa ngumu. Ziliitwa timutimu. Shule ya upili walituambia tunyoe zote, eti zinapoteza muda wa kusoma. Katika nchi hii ilibidi kesi ifike Mahakama Kuu, mwaka wa 2019, ndipo jaji aamue kwamba shule haiwezi kumfungia nje msichana Mrastafari kwa sababu ya rasta zake. Nikiwa na miaka tisa nilikalishwa kwenye kigoda nikapakwa dawa ya kunyoosha, ngozi ikaungua hadi masikio, na nilipolia nikaambiwa nivumilie, urembo una gharama.

Una gharama kweli. Mwaka wa 2022 watafiti Marekani, waliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000, walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba wale waliotumia dawa za kunyoosha nywele mara kwa mara walikuwa na uwezekano zaidi ya maradufu wa kupata saratani ya mfuko wa uzazi kuliko wasiozitumia. Kuhusiana si kusababisha, watafiti wenyewe huwa makini na maneno hayo, na mimi sisemi dawa ya kwenye kigoda ndiyo iliniletea limfoma. Ninachosema ni hiki: tumejifunza kutamani nywele fulani kiasi kwamba tunajipaka sumu ili tuzipate, na mmoja wetu akizipata kwa sumu nyingine iliyopitia mshipani, tunampongeza.

Nikiwa mkweli, mimi mwenyewe nilianguka. Siku mawimbi yalipotokeza vizuri nilijipiga picha kwenye mwangaza wa dirishani nikaiposti. Sijawahi kupata laiki kama hizo. Hata wasee walionikimbia nikiwa na kipara, waliosoma meseji zangu wakanyamaza, walirudi na vijimoto. Nilizihesabu. Kwa wiki nzima nilijisikia kama mtu aliyetoka vitani na nyara. Nilianza kuogopa maji ya mvua yasiziharibu. Nilikuwa nimeponea saratani, na sasa wasiwasi wangu mkubwa ulikuwa unyevu.

Kilichonizindua ni benchi la kliniki. Nilikuwa nimeenda kwa uchunguzi wa kila baada ya miezi mitatu. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo, kilemba kimefungwa vizuri, aliyetibiwa saratani ya matiti. Mhudumu akapita, akaniona, akasema kwa furaha ya kweli, "Ona nywele! Mungu ni mwema!" Akaenda zake. Yule mama akanyamaza kidogo, halafu akaniambia kwamba yeye amemaliza kemo miaka miwili iliyopita na utosini bado ni ngozi tu. Hakulalamika. Alisema kama mtu anayetaja stesheni anayoshukia. Halafu akauliza, "Sasa kwangu Mungu ni nini?"

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Nilichoenda kukitafuta baadaye ni sababu. Dawa kama docetaxel, inayotumika sana kutibu saratani ya matiti, imehusishwa na upara wa kudumu kwa baadhi ya wagonjwa. Mionzi ikipigwa kichwani inaweza kuua vinyweleo vya sehemu hiyo moja kwa moja. Tamoxifen, kile kidonge ambacho wanawake wengi humeza kwa miaka baada ya matibabu, inaweza kufanya nywele ziwe nyembamba. Ziko kofia za kupoza ngozi ya kichwa wakati wa dripu ili dawa isifike kwa wingi kwenye vinyweleo, lakini zimeonekana kufanya kazi vibaya zaidi kwenye nywele nene za kipilipili, kwa sababu baridi haipenyi vizuri. Yaani hata kinga yenyewe ilianza kwa kufikiria kichwa kisicho changu wala cha yule mama.

Kwa hivyo kila mnaponisifu mbele yake, mnamhukumu yeye. Kama nywele zangu ni ushahidi wa imani, kilemba chake ni ushahidi wa nini? Kama mimi nimebarikiwa, yeye amekosea wapi? Hamkusudii. Najua hamkusudii. Na hapo ndipo watu hunikata kauli: "Aki, watu wanamaanisha mema tu, mbona uko na hasira?" Niko na hasira kwa sababu nia njema imekuwa kibali cha kutofikiri. Mtu akikukanyaga kwenye matatu bila kukusudia, bado anatoa mguu. Hakai hapo akikueleza alivyo na moyo safi.

Tena sifa hiyo inakufunga mdomo. Ukishaambiwa umebarikiwa, utaanzaje kusema kwamba unaamka usiku kupapasa shingo? Utaanzaje kusema kwamba unapochana nywele na tano zikabaki kwenye chanuo, kitu ambacho ni cha kawaida kwa kila binadamu, moyo unaruka? Mtu mwenye zawadi halalamiki. Kwa hivyo unatabasamu, unainamisha kichwa, wanashika.

Sasa ile sentensi niliyokwambia uishike. Baada ya kama mwaka mmoja, pale karibu na ngozi, nilianza kuhisi kitu kigumu. Nilidhani ni uchafu. Zilikuwa ni zile za zamani. Kipilipili changu kilikuwa kinarudi kutoka chini, sentimita moja kwa mwezi au pungufu ya hapo, kikiyasukuma mawimbi kwenda nje. Nilikata yale mawimbi mwenyewe jikoni. Hiyo haikuwa na maana kwamba saratani haitarudi kamwe, hilo huulizwa skani. Lakini ilikuwa na maana kwamba vinyweleo vyangu vimepona, vimekumbuka kazi. Nilikaa sakafuni nikalia kama mtu aliyepokea mgeni aliyedhaniwa amekufa.

Jumapili iliyofuata shangazi akaniona. Akashika kichwa, wakati huu kwa huruma, akasema, "Pole mami. Na zilikuwa zimekuwa nzuri."

Umeelewa? Nilipokuwa mgonjwa nilipewa hongera. Nilipopona nikapewa pole. Sijui kama kuna namna nyingine ya kueleza ubovu wa macho tuliyofundishwa kujitazama nayo.

Sitaki tuishie kulia tu, kwa hivyo haya ndiyo ninayodai, na hakuna lililo gumu.

Madaktari na manesi, semeni. Siku ile mnapoandika orodha ya kichefuchefu na homa, ongezeni dakika mbili za nywele: lini zitatoka, lini zitarudi, kwamba zinaweza kurudi tofauti, kwamba kwa baadhi hazitarudi, na kwamba dawa za kunyoosha na za rangi zingojee angalau miezi sita. Mniambie pia kuhusu nyusi na kope. Hakuna aliyeniambia kwamba bila kope jasho na vumbi la Nairobi huingia machoni moja kwa moja. Msituone watu wa kujipodoa tukiuliza. Mtu anayepigania uhai bado ana uso, na anapanda matatu nao.

Ndugu na marafiki, toeni mikono. Kichwa cha mtu si kitambaa dukani. Ukitaka kusema kitu, sema "nimefurahi kukuona." Inatosha kwa mwenye mawimbi na inatosha kwa mwenye kilemba. Na kama umeona zimebadilika na unataka kujua, uliza anavyojisikia nazo, halafu ungoje jibu, hata likiwa refu.

Na wewe uliyemaliza dripu juzi na unajiangalia kwenye kioo humjui unayemwona: huna deni la kuzipenda. Unaweza kuzipenda, ukazichukia, ukavaa wigi Jumatatu na kunyoa Jumanne. Unaweza kumkumbuka yule wa zamani bila kukosa shukrani. Hakuna mtihani hapa.

Mwezi jana nilienda Kenyatta Market kusuka, mara ya kwanza tangu nianze kuumwa. Unajua pale, kabla hujavuka barabara umeshaitwa siste mara kumi. Mmoja akanikalisha, akafungua kilemba changu, akaona mvi, akaona pale nyuma ambapo bado ni hafifu. Nikajikaza kungoja. Alinyamaza kidogo, akaweka vidole begani mwangu badala ya kichwani.

"Panauma?" akauliza. "Niambie nishike vipi."

Nikamwambia matuta makubwa, asivute sana mbele. Akaanza.