Anayehoji mchango wa bomba si mchawi

Kuna imani iliyoota mizizi katika mitaa inayokua pembezoni mwa miji yetu: bomba jipya la maji likija, mwenye nyumba mwema hulipa alichopangiwa na kunyamaza. Anayesimama kikaoni kuuliza kiwango kimepatikanaje huambiwa mkataa wengi mchawi. Akikomaa, anabandikwa jina la mpinga maendeleo. Mimi naona huyo mara nyingi ndiye pekee aliyekuja kikaoni akiwa amepiga hesabu.

Silaha ya kwanza ya kumnyamazisha ni kwamba maji ni uhai. Ni uhai kweli, na ndiyo maana bei yake ichunguzwe kuliko bei ya sherehe ya mtaa. Aliyechoka kununua maji ya boza atakubali kiwango chochote ili aachane nayo, na wapangaji wa michango wanalijua hilo vizuri. Shida yake haifanyi kiwango hicho kuwa halali.

Silaha ya pili ni kwamba serikali haiwezi kulipia kila kitu. Hapo sibishi. Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia mwananchi wa kijijini maji ndani ya mita 400. Mwaka 1991 ulifika, maji kwa wengi hayakufika. Sera ya Maji ya 2002 ikasisitiza kwamba mtumiaji achangie. Vema, achangie. Lakini mchango wa namna hiyo ni malipo, si sadaka ya Ijumaa wala ya Jumapili, na mlipaji ana haki ya kujua analipia nini. Mamlaka ya maji ikitaka kupandisha bei ya uniti moja, EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, huitisha mkutano wa taftishi, yaani wa kukusanya maoni ya wananchi. Watu hupinga hadharani na hakuna anayewaita wachawi. Sasa iweje mchango unaoweza kuzidi bili ya mwaka mzima upitishwe kwa kunyoosha mikono chini ya mwembe?

Tuliangalie bomba lenyewe. Nyumba moja inatosheka na bomba dogo. Linalochimbiwa mtaro barabarani ni kubwa, kwa sababu litahudumia pia viwanja vitupu vya mbele, ambavyo wenyewe wako mbali wakisubiri ardhi ipande bei. Wenye nyumba kumi wa mwanzo wanagawana gharama ya bomba la nyumba hamsini. Likishafukiwa, kwa kawaida huwa sehemu ya mtandao wa mamlaka. Anayehamia mwaka unaofuata anaungwa hapo hapo kwa ada ya kuunganishiwa, na waliotangulia wanabaki na risiti, kama walipewa. Mwenye kiwanja kitupu amepandishiwa thamani ya ardhi bila kutoa hata shilingi. Halafu huyu aliyeuliza ndiye anayeitwa mchoyo! (Mpangaji, ambaye hakualikwa kikaoni, ataukuta mchango huo kwenye kodi yake.)

Na hili la kila nyumba kulipa sawa kwa jina la usawa linachekesha. Mjane mwenye vyumba viwili na mita moja analipishwa sawa na mwenye ghorofa la wapangaji wanane na sehemu ya kuoshea magari. Huo ni uvivu wa kamati kukokotoa.

Nchini Marekani, ambako serikali za mitaa hutoza wenye nyumba tozo maalumu kwa ajili ya mabomba na barabara, suala la kiwango lilifika Mahakama ya Juu kabisa. Mji mdogo wa Norwood, jimboni Ohio, ulitwaa ardhi ya Bi Baker ili kupitisha barabara, ukaamriwa kumlipa fidia ya dola 2,000, kisha ukamtoza fidia hiyo hiyo pamoja na gharama za kesi. Mwaka 1898 mahakama ilisema kwamba tozo ikizidi kwa kiasi kikubwa faida aliyoipata mwenye ardhi, kile kilichozidi ni kumnyang'anya mali yake bila fidia. Na leo huko Minnesota sheria inamtaka mwenye nyumba awasilishe pingamizi la maandishi kabla ya kikao au kikaoni, la sivyo kwa kawaida hupoteza haki ya kukata rufaa. Pingamizi limetengewa nafasi katika utaratibu wenyewe.

Nitaambiwa maswali yanachelewesha mradi. Hayachelewi kujibiwa kama majibu yapo. Kamati ibandike ubaoni karatasi moja yenye urefu na kipenyo cha bomba, bei ya vifaa na ufundi, orodha ya viwanja vyote vitakavyohudumiwa, vitupu vikiwemo, na namna waliotangulia watakavyorudishiwa wengine wakiungwa. Kamati isiyoweza kuandika karatasi hiyo isipewe hata hela ya kuchimbia mtaro.