Mjamzito mwenye VVU asikwamishwe na mpaka

Mchele ukitoka Kahama kwenda Gitega hukaguliwa mara moja tu pale Kobero, upande wa Muyinga. Maofisa wa Tanzania na Burundi wako chini ya paa moja. Lakini mama mwenye mzigo huo, kama ni mjamzito anayeishi na VVU, hana urahisi kama huo. Akiishiwa dawa Ngara huku kadi yake ya kliniki ikiwa ya Gitega, huanza kujieleza upya.

Hili si jambo dogo. Bila matibabu, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na mama wenye VVU, 15 hadi 45 huambukizwa. Mama akimeza dawa kila siku, na mtoto akapewa yake tangu kuzaliwa, idadi hushuka chini ya 5. Dawa zikikatika, virusi hupanda tena, iwe mimba bado changa au mtoto yuko kwenye ziwa.

Burundi ilifuta malipo ya kujifungua katika vituo vya umma mwaka 2006. Mwaka 2012 Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha sheria ya kuzuia na kudhibiti Ukimwi. Kazi iliyobaki ni kuifikisha nia hiyo sokoni na mpakani.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, mfanyabiashara anayesafiri apewe dawa za miezi kadhaa, si za wiki chache. Pili, nchi zetu zikubaliane kadi moja ya kliniki inayopokelewa Muyinga na Ngara vilevile. Jalada lake lisitaje ugonjwa, maana sokoni wote tunajuana, na anayeogopa kuonekana huiacha kadi nyumbani.

Wapo watakaosema kila nchi ina bajeti yake ya dawa. Ni kweli. Lakini hata ushuru una wenyewe, na bado tumeweza kukaa meza moja.

Nanyi wafanyabiashara, msisubiri serikali. Mnaotaka mtoto, pimeni wote wawili na mwoneni mhudumu wa afya kabla ya kutafuta mimba. Mwenye VVU ambaye dawa zimefubaza virusi hadi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Na kabla ya kupanda gari, hesabu vidonge kama unavyohesabu magunia.